Stara Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Mazungumzo yaliyotolewa redioni
Somo: 1 Wakorintho 12:22–26



Katika somo letu Mtume Paulo anawaandikia Wakristo wa Korintho habari za mwili wa binadamu. Anawakumbusha jambo ambalo kila mtu alilijua lakini hakulifikiri: ya kwamba viungo tunavyovionea haya ndivyo tunavyovivika kwa uangalifu zaidi. Hatuvifuniki kwa kuvidharau; twavisitiri kwa kuvipa heshima. Tena Paulo anafundisha kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyeupanga mwili hivyo, ili pasiwe na kiungo kilichoachwa peke yake katika maumivu yake.

Leo nataka tulichukue fundisho hilo tusafiri nalo, tuvuke daraja la mto Tana, tuingie Garissa, kisha tuendelee kaskazini hata Wajir na Mandera. Huko liko swali ambalo limewasumbua wazazi, walimu wa vyuo na wasichana wenyewe kwa miaka mingi. Swali ni hili: Je, msichana aliyelelewa katika dini ya kujisitiri, aliyefundishwa kufunika kichwa na mikono yake, wala asimguse mwanamume asiye wa nyumba yake, aweza kuwa muuguzi? Na je, chuo kitakachomfundisha kimwambie avue kwanza kile alichovishwa na mama yake?

Wako wasemao haiwezekani. Upande mmoja wako wazee wanaosema kazi hiyo itamwondolea binti yao haya. Upande wa pili wako watu wa mjini, na miongoni mwao Wakristo wengi, wanaosema mwenye kutaka kazi ya hospitali na aache buibui lake nyumbani. Pande hizi mbili zinagombana, kumbe zinasema neno moja, yaani kwamba staha na uuguzi ni maadui. Mimi naona historia haikubaliani nazo, wala Maandiko hayakubaliani nazo. Natumaini mtanisikiliza kwa saburi.

Jambo hili ni la uhai

Kwanza tufahamu kwamba hatuzungumzi habari ya nguo tu. Sensa ya mwaka 1999, na ya 2009, na ya 2019 zilituhesabu sote, na ile ya 2019 ilituonyesha pia vifo vya kina mama wanaokufa kwa ajili ya uzazi. Kwa Kenya nzima hesabu ilikuwa akina mama 355 katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Kwa Garissa hesabu ilikuwa 641. Nyuma ya kila tarakimu yuko mama, na nyuma ya mama wako watoto waliobaki bila mlezi.

Sababu za vifo hivyo ni nyingi. Zahanati ziko mbali, barabara ni mchanga, na wafugaji huhama kufuata malisho na maji. Lakini iko sababu nyingine ambayo wanawake wa huko wameisema waziwazi. Mama wa Kisomali akifika hospitali na kumkuta mwanamume ndiye atakayemzalisha, mara nyingi huona afadhali arudi nyumbani kwa mkunga wa jadi, yule wanayemwita umuliso. Tukumbuke pia kwamba wanawake wengi mno wa sehemu hizo walitahiriwa utotoni kwa njia iliyowaachia makovu mabaya, nao wakati wa kuzaa huhitaji mkono wenye ujuzi kuliko wengine. Basi yule anayehitaji msaada zaidi ndiye mwenye aibu kubwa zaidi ya kuuomba. Hiyo ndiyo habari ya Paulo: kiungo chenye kuonewa haya ndicho kinachohitaji kutunzwa.

Dawa yake inajulikana. Ni wauguzi na wakunga wanawake, waliozaliwa huko, wanaojua lugha, wanaojua mila, wala hawatahama. Lakini hao watatoka wapi? Tuitazame historia ya nchi hiyo kidogo. Wakati wa Waingereza iliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na tangu mwaka 1926 ilifungwa kwa sheria. Mtu hakuingia wala kutoka bila ruhusa. Kule Kikuyu, Maseno na Kaloleni misheni zilijenga shule na hospitali bega kwa bega, na watoto wa shule wakawa wauguzi wa hospitali. Kaskazini mambo hayakuwa hivyo. Shule zilichelewa, na za wasichana zilichelewa zaidi. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, vita vya shifta vikaanza huko, na ijapokuwa mapatano yalifanyika Arusha mwaka 1967, sheria za hali ya hatari ziliendelea karibu miaka 30. Kwa muda huo wote sehemu kubwa ya wauguzi walitumwa kutoka bara, na wengi wao walikuwa Wakristo. Walifanya kazi njema, Mungu awabariki. Lakini baada ya mauaji ya Mandera mwishoni mwa mwaka 2014, walimu na wauguzi wengi wa kutoka bara waliondoka kwa hofu, wala hakuna awezaye kuwalaumu. Zahanati zikabaki na milango imefungwa. Hapo ndipo kila mtu alipoona kwamba watu wa kaskazini hawana budi kuwa na wauguzi waliotoka katika nyumba zao wenyewe.

Leo kuna chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu pale Garissa, na vingine Wajir na Mandera. Mlango upo. Swali letu ni kama binti aliyejifunga mtandio ataingia mlangoni humo akiwa na amani moyoni.

Kofia ya muuguzi ilitoka wapi

Sasa twende kwenye historia ya uuguzi wenyewe. Wengi wetu tunaikumbuka ile kofia nyeupe ya manesi. Wazee wetu walipomwona msichana ameivaa walisema, huyu sasa ni sista. Je, umepata kujiuliza kwa nini muuguzi, hata asiye mtawa, aliitwa sista, na kwa nini alifunikwa kichwa?

Ni kwa sababu uuguzi wa Ulaya ulilelewa na watu wa dini. Kwa karne nyingi wagonjwa walitunzwa na watawa, na watawa walifunika vichwa vyao. Baadaye, katika nchi za Waprotestanti, nyumba nyingi za watawa zilipokuwa zimefungwa, kazi ya kuuguza hospitalini ilianguka mikononi mwa wanawake maskini wasiofundishwa, nao walisemwa vibaya. Mwandishi Charles Dickens alimchora muuguzi mlevi katika kitabu chake cha Martin Chuzzlewit, kilichoanza kutoka mwaka 1843, na Waingereza walicheka kwa sababu walimtambua. Mzazi mwenye heshima kule London hakukubali binti yake awe muuguzi, kama vile mzee wa Wajir asivyokubali. Sababu zilikuwa zile zile: atawaona wanaume uchi, atakesha nje ya nyumba, watu watamsema.

Aliyelifungua fundo hilo upande wa Waprotestanti alikuwa mchungaji wa parokia maskini. Jina lake ni Theodor Fliedner, Mjerumani wa Kaiserswerth karibu na mto Rhine. Mwaka 1836, yeye na mkewe Friederike walianzisha nyumba ya mashemasi wanawake wa kuuguza wagonjwa. Wa kwanza kuingia alikuwa Gertrud Reichardt, binti wa daktari. Tazameni hekima ya Fliedner. Katika nchi ile msichana asiyeolewa hakuweza kutembea peke yake mitaani, au kuingia nyumba za wagonjwa, bila kunong'onwa. Mwanamke aliyeolewa aliweza. Basi Fliedner aliwavika wale wasichana mavazi ya mke wa mtu: gauni refu la buluu nzito, na kofia nyeupe iliyofunika nywele na kufungwa chini ya kidevu. Kwa vazi lile walipita popote wakiheshimiwa. Stara haikuwazuia kazi, bali iliwafungulia njia ya kuifikia kazi.

Florence Nightingale, ambaye familia yake ilimpinga kwa miaka mingi, alikwenda Kaiserswerth mwaka 1851 akajifunza kwa miezi mitatu. Mwaka 1854 alipokwenda kuwauguza askari waliojeruhiwa katika vita vya Crimea, alichukua wanawake 38. Kati yao 10 walikuwa watawa wa Kikatoliki na 14 walikuwa masista wa Kianglikana, yaani wa kanisa letu. Zaidi ya nusu ya jeshi lile dogo walikwenda na vitambaa vya dini vichwani mwao. Na mwaka 1860, shule ya wauguzi ilipofunguliwa kwa jina la Nightingale katika hospitali ya St Thomas's, London, adabu ya wanafunzi iliangaliwa kwa makini kama masomo yao. Hiyo ndiyo shina ya kofia iliyofika kwetu.

Basi tukimwambia binti wa Garissa kwamba kufunika kichwa kwa ajili ya dini ni jambo geni katika uuguzi, tunasema neno ambalo historia inalikanusha. Kofia ile ilikuwa mtandio kabla ya kuwa kofia.

Waislamu nao wanayo kumbukumbu yao, na ni vizuri tuijue. Historia yao inamtaja mwanamke aitwaye Rufaida, wa kabila la Aslam, aliyewauguza majeruhi katika hema kule Madina siku za Mtume wao. Kwa hiyo binti wa Kisomali anayejifunza uuguzi haendi kuiga desturi za kigeni. Anaweza kumwonyesha baba yake kwamba alitanguliwa na mwanamke wa imani yake mwenyewe.

Mambo ya kwetu Afrika Mashariki

Wala tusidhani kwamba wazazi Wakristo wa Afrika Mashariki walipokea uuguzi kwa urahisi. Katika hospitali nyingi za misheni, wasaidizi wa kwanza walikuwa wavulana, kwa maana wazazi hawakutoa wasichana. Desturi zetu nyingi zilisema uzazi ni siri ya wanawake waliokwisha kuzaa. Msichana asiyeolewa aone nini huko?

Kule Mengo, Uganda, muuguzi wa misheni ya CMS, Katharine Timpson, aliyefika mwaka 1897 na kuolewa na Dakta Albert Cook mwaka 1900, aliligusa jambo hilo kwa uangalifu. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza alianzisha shule ya wakunga. Wasichana walikaa bwenini chini ya ulinzi, walisali pamoja, na mienendo yao ilitazamwa sana, ili wazazi wajue kwamba binti atarudi akiwa na ujuzi na heshima yake pia. Huenda leo tukaona sheria zile zilikuwa kali mno. Lakini yule mama alifahamu jambo moja: huwezi kumfundisha binti wa watu bila kuituliza kwanza mioyo ya watu wake. Matokeo yake ni kwamba wakunga wa Kiafrika walienea katika nchi, na uzazi ukaacha kuwa hukumu ya kifo kwa wengi.

Je, tuliyotendewa sisi, tuwanyime wengine?

Na sasa turudi kaskazini. Mwaka 1969 alikuja Kenya mwanamke Mkatoliki kutoka Italia, Annalena Tonelli, mwanasheria kwa elimu, akaishi Wajir miaka mingi. Aliwaona wafugaji wenye kifua kikuu wakianza dawa na kuziacha, kwa kuwa lazima wahame na mifugo. Tangu mwaka 1976 wagonjwa walikaribishwa kujenga vibanda vyao karibu na mahali pa matibabu, wakakaa humo miezi, wakimeza dawa mbele ya wahudumu hadi wapone. Njia hiyo ya kumeza dawa mbele ya shahidi ndiyo iliyokuja kuenezwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990. Lakini ninachotaka mkione ni jinsi alivyokaa nao. Alikuwa Mkristo hata mwisho, wala hakuficha, lakini alifunika kichwa na kuvaa kwa staha miongoni mwa watu wenye staha. Baada ya mauaji ya Wagalla ya Februari 1984 aliwahudumia waliosalia na kusema ukweli wa yaliyotendeka. Baadaye alifanya kazi Borama, Somaliland, na huko aliuawa kwa risasi tarehe 5 Oktoba 2003, katika hospitali aliyoijenga. Hakuona kwamba kitambaa kimempunguzia Ukristo wake.

Upande wa Wasomali wenyewe yuko Bibi Edna Adan Ismail, aliyezaliwa Hargeisa mwaka 1937, binti wa daktari. Alikwenda Uingereza katika miaka ya 1950 kujifunza uuguzi na ukunga, akarudi nyumbani akiwa Msomali wa kwanza mwenye ujuzi huo kwa cheti. Mwaka 2002 alifungua hospitali ya uzazi Hargeisa kwa fedha zake na za wafadhili, na humo amewafundisha wauguzi na wakunga wengi, wasichana wenye mitandio. Ni Mwislamu, amejifunika, na ni mkunga. Mambo haya matatu yamekaa ndani ya mtu mmoja bila ugomvi.

Maswali magumu tusiyakwepe

Lakini mtu atauliza, na ana haki kuuliza: Je, hakuna hatari? Mtandio mrefu ukiburuta juu ya kidonda utapeleka vijidudu kwa mgonjwa wa pili. Mkono wa nguo ukilowa damu hauwezi kunawiwa. Ni kweli kabisa. Naye mgonjwa ndiye mwenye haki ya kwanza katika wodi, kabla ya muuguzi, kabla ya chuo, na kabla ya sisi wahubiri.

Basi tuchukue kipimo hicho kimoja: je, vazi hili linamdhuru mgonjwa? Kipimo hiki kiliihukumu hata ile kofia nyeupe. Katika nchi nyingi, tangu miaka ya 1970 na kuendelea, hospitali ziliiacha kwa sababu ilionekana haimkingi mgonjwa, na tena huweza kubeba uchafu. Haikuachwa kwa kuwa ilikuwa ya dini; iliachwa kwa kuwa haikumfaa mgonjwa. Kwa kipimo hicho hicho, mtandio mfupi, safi, unaofuliwa kila siku na kuchomekwa ndani ya yunifomu, haumdhuru mtu. Katika chumba cha upasuaji kila mmoja, mwanamume na mwanamke, hufunikwa nywele, kinywa na mwili. Huko ndiko watu wote wanakojisitiri kuliko mahali pengine pote hospitalini.

Na mikono? Kule Uingereza, hospitali zilipoamuru mikono iwe wazi kuanzia viwiko, baadhi ya wanafunzi Waislamu walisikitika. Hawakufukuzwa. Mwaka 2010 idara ya afya ya huko ilieleza kwamba waweza kuvaa mikono ya kutupwa, inayobana kwenye kiwiko na kwenye kifundo cha mkono, nao wanawe mikono kama wengine wote. Tena Mwislamu kila siku hutawadha kabla ya sala, na katika kutawadha huosha mikono yake hata viwiko. Usafi huo haukumjia kwa barua ya Wizara ya Afya. Mwalimu mwenye busara ataanzia hapo.

Liko swali gumu zaidi, la kuwagusa wanaume. Mwanafunzi wa uuguzi hupitia wodi zote, naye hatapewa cheti asipojua kumhudumia kila mgonjwa. Hapa hatuwezi kusema maneno matamu tu. Mgonjwa akianguka mbele ya muuguzi, muuguzi hana ruhusa ya kuuliza kama ni mwanamume au mwanamke. Lakini wenzetu Waislamu wamelijibu swali hili wenyewe. Sheria yao inafundisha kwamba dharura huhalalisha lililokatazwa. Mwaka 1993, wanazuoni wa baraza la fikihi la nchi za Kiislamu walikutana Brunei wakapanga utaratibu kwa mwanamke mgonjwa: atibiwe na daktari mwanamke Mwislamu, asipopatikana, na mwanamke asiye Mwislamu, kisha mwanamume Mwislamu, na mwisho mwanamume asiye Mwislamu. Ndugu zangu, sikilizeni vizuri. Katika utaratibu huo mwanamke Mkristo mwenye ujuzi ametangulizwa mbele ya mwanamume Mwislamu. Hapo dada zetu Wakristo wanaofanya kazi Garissa wajue kwamba wanathaminiwa. Wala utaratibu huo haumwachi mgonjwa afe kwa kukosa wa jinsi yake.

Sisi nasi tunayo elimu hiyo hiyo. Bwana Yesu aliwauliza Mafarisayo kama yuko mtu ambaye mwanawe au ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya sabato hatamtoa mara moja. Habari hiyo iko Luka sura ya 14. Bwana hakuifuta sabato; alionyesha sabato iliwekwa kwa ajili ya nini.

Staha ni sehemu ya kazi yenyewe

Hata sasa tumesema kama kwamba staha ni mzigo ambao muuguzi ataruhusiwa kuubeba. Nataka twende mbele hatua moja. Muuguzi hufanya nini mchana kutwa? Anavuta pazia. Anamfunika mgonjwa shuka anapomwosha, akifunua sehemu moja na kuifunika kabla ya kufunua nyingine. Anatunza siri. Kazi yake ni kuwasitiri watu ambao ugonjwa umewavua nguo na cheo. Yule ambaye tangu utoto amefundishwa kwamba mwili wa mtu si wa kutazamwa ovyo, huyo amekwisha kupata somo la kwanza la uuguzi kabla ya kufika chuoni.

Mkumbukeni yule mama wa Luka sura ya 8, aliyetokwa damu miaka 12. Alikuja kwa nyuma, katika msongamano, akagusa pindo la vazi, kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa wa aibu, usioweza kutajwa mbele ya watu. Ni wangapi katika Garissa, na katika kijiji chako pia, wanaokuja kwa nyuma hivyo? Bwana alimwita binti, akampa amani. Hakumwaibisha. Na katika Kutoka sura ya 28 Mungu alipoagiza mavazi ya makuhani, aliagiza pia suruali za kitani za kuwasitiri wanapohudumu. Kwa Mungu, kuhudumu na kujisitiri vilishonwa katika vazi moja.

Neno kwa Kanisa

Makanisa yetu yanamiliki shule, hospitali na vyuo vya uuguzi. Jambo hili limetufikia hata mahakamani. Kule Isiolo, katika shule iliyodhaminiwa na Kanisa la Methodisti, ulizuka ugomvi kama wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu. Mahakama Kuu ilikataa mwaka 2015, Mahakama ya Rufani ikaruhusu mwaka 2016, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua ruhusa hiyo kwa kuwa dai lilikuwa limeingizwa kwa njia isiyo sawa; shauri la mtandio wenyewe haikulimaliza. Sisemi leo nani alikosa. Shule ina haki ya kuwa na utaratibu wake, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 32, inalinda dini ya kila mtu. Ninasema tu kwamba mahakama huweza kutuambia kilicho haki yetu. Kilicho upendo wetu tutaambiwa na Kristo. Kanisa lililowavika mabinti zake kofia ya kichwa ili waweze kuwauguza watu, lisiwe la kwanza kumvua mwenziwe kitambaa.

Wala si Waislamu tu. Wako Waakorino wenye vilemba vyeupe, na wako akina mama wa uamsho ambao dhamiri zao haziwaruhusu nguo fupi. Nao wanastahili kuulizwa kwa upole kabla ya kuamriwa.

Nitataja jambo moja la mwisho. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lilikuwa likienda Mandera, na karibu na El Wak watu wa Al-Shabaab walilisimamisha. Wakaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo, ili Wakristo wauawe. Abiria walikataa kutengana. Tena kabla ya hapo, ndani ya basi, wanawake Waislamu waliwapa wanawake Wakristo vitambaa vyao wajifunike, wasitambulikane. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku ile kwa kukataa kuwatoa wenzake, akafa mwezi uliofuata. Waliuawa na wengine. Lakini wako dada zetu katika Kristo walio hai leo kwa sababu mtu alimfunika mwenziwe kwa mtandio. Baada ya hayo, ni vigumu kwangu kukitazama kitambaa kile kama adui wa Kanisa.

Basi, wapendwa, nina maneno matatu. Ninyi wazazi Wakristo mnaoogopa kuwapeleka binti zenu katika uuguzi, msiogope. Wafundisheni staha, nao wataibeba hadi wodini. Ninyi walimu na wakuu wa vyuo vya Kanisa, kaeni mezani na wazee wa jamii, mpime kila vazi kwa kipimo cha mgonjwa, wala si kwa kipimo cha mazoea yetu. Na ninyi wauguzi Wakristo mnaohudumu Garissa na kwingineko kaskazini, mkimkuta mama anayesita mlangoni kwa aibu, msimkemee. Vuteni pazia, mwiteni binti kama Bwana alivyomwita yule wa zamani, na kama yuko mwenzenu Mwislamu anayejifunza kazi, mfundisheni kwa moyo wote. Huenda siku moja yeye ndiye atakayesimama peke yake katika zahanati ambayo ninyi hamwezi kufika.

Tuombe. Ee Mungu, uliyewavika wazazi wetu wa kwanza mavazi walipoona aibu, wakumbuke wanawake wanaozaa usiku huu mbali na msaada. Inua mabinti wenye mikono safi na macho ya heshima, wa kila kabila, wawatumikie. Tuondolee kiburi, utupe hekima ya kutofautisha desturi na amri yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyevuliwa nguo msalabani ili sisi tusitiriwe. Amina.